Marehemu Shekhar Mehta na Gari la Datsun 240Z

Jina la marehemu Shekhar Mehta halijasahauliwa na wapenzi wa mashindano ya magari katika Afrika ya Mashariki. Alishinda Safari Rally mara tano, na hakuna dereva mwingine aliyezidi idadi hiyo. Siku hizi yako mabishano kama sifa hizo ni za dereva au ni za gari, na kama magari ya zamani yanaweza kulinganishwa na ya leo. Maisha ya Mehta yatatusaidia kutoa rai yetu.

Mehta alizaliwa Kampala mnamo mwaka 1945, katika ukoo wenye mashamba makubwa. Mwaka 1971 alishika nafasi ya pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wawili wakiendesha Datsun 240Z. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na Mehta akahamia Kenya. Hivyo katika Safari ya Aprili 1973 alikuwa dereva aliyepoteza kwao, na hata mwaka ulikuwa haujatimia.

Gari lake lilikuwa la viti viwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4, iliyosukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Halikuwa na turbo wala kompyuta. Mrithi wake, Nissan Z iliyotoka mwaka 2022, ana injini ya lita 3 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400, na vyombo vyake humrekebisha dereva kabla hajateleza. Magari yanayoshindana Safari leo huvuta kwa magurudumu yote manne. Kwa mwendo, la zamani haliwezi kuyafukuzia, na wazee wanaoyabeza magari mapya hawasemi haki.

Lakini njia nayo ihesabiwe. Leo hushindaniwa kilomita mia tatu na ushei tu, katika barabara zilizofungwa. Mehta na msaidizi wake, Lofty Drews, walikwenda kilomita zaidi ya 5,000 katika barabara zilizo wazi, pamoja na malori, ng'ombe na matope. Sisi tunaozijua njia za mawe ya volkano za hapa Busasamana tunafahamu springi za gari hupatwa na nini, hata kwa mwendo wa pole.

Mwisho wa safari ile Mehta alilingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, gari la umbo la kawaida la familia. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Gari la fahari, basi, halikulishinda lile la kawaida hata kwa pointi moja! Na ushindi wake mwingine wote, kuanzia 1979 hadi 1982 mfululizo, akiwa na Mike Doughty, aliupata kwa Datsun za aina hiyo ya kawaida. Kwetu sisi, ushahidi huo watosha: ushindi ulikuwa wa dereva.

Ajali aliyoipata Misri mwaka 1987 ilikomesha mashindano yake. Baadaye aliongoza kamati ya rali ya shirikisho la kimataifa la magari, FIA. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Iliporudishwa mwaka 2021, yeye hakuwapo.