Clarence van Riet Lowe: Mjenzi wa madaraja aliyeisoma mito ya kale

Wasomaji wetu walioko Berea, Johannesburg, wanaishi juu ya mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua inayoteremkia kaskazini huishia mto Limpopo na Bahari ya Hindi. Ya kusini huingia mto Vaal na kufika Atlantiki. Jirani na hapo ndipo unapoanzia mto Jukskei, ambao chanzo chake kimefunikwa na barabara na majengo. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi katika jiji hilo na kuonyesha jinsi mto uliofukiwa unavyoweza kujulikana tena.

Clarence van Riet Lowe alizaliwa Aliwal North mwaka 1894, akasomea uhandisi wa ujenzi mjini Cape Town. Katika miaka ya 1920 aliajiriwa na idara ya serikali ya ujenzi, akasimamia madaraja huko Free State. Kazi ya daraja huanza kwa kuchimba msingi kando ya mto, na humo ndimo alimokuta mashoka ya mawe ya watu wa kale. Wengine wangemwaga zege na kwenda zao. Yeye aliandika kila kifaa kimetoka tabaka gani.

Matabaka hayo husomwa hivi: kokoto kubwa ni dalili ya maji ya kasi, udongo laini ni dalili ya maji yaliyotulia. Shoka lenye makali lilibaki karibu na lilipoangushwa, ila lililolainika kingo lilibebwa na mto. Na changarawe iliyoachwa juu ya bonde mara nyingi ni ya zamani kuliko iliyo chini, kwa kuwa mto huzidi kuchimba njia yake.

Mwaka 1929 alitoa pamoja na John Goodwin kitabu kilichopanga zama za mawe za Afrika Kusini. Mwaka 1935 akawa mkurugenzi wa ofisi mpya ya mambo ya kale mjini Johannesburg, na miaka miwili baadaye yeye na wanajiolojia Söhnge na Visser wakatoa ripoti kuhusu bonde la Vaal.

Afrika Mashariki nayo inamhusu. Alichunguza zana za Uganda, zikiwemo za Nsongezi kwenye mto Kagera, mpakani na Tanzania, ambako mwanajiolojia E. J. Wayland alikuwa ametangulia. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka 1952.

Si yote aliyoyaamini yaliyosimama. Yeye na wenzake walidhani matabaka ya mito yanaonyesha vipindi vya mvua nyingi vilivyolingana sehemu kubwa ya Afrika. Baadaye ilibainika kuwa ardhi yenyewe huinuka na kuinama. Kagera iligeuzwa mkondo wake kwa namna hiyo. Lakini kwa sababu aliandika kina na tabaka, waliomfuata waliweza kumsahihisha.

Siasa nazo zilimgusa. Alishiriki mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale, Nairobi 1947. Wa pili ulitarajiwa kufanyika Afrika Kusini, lakini serikali ya Malan ilifuta mwaliko, ukafanyika Algiers mwaka 1952. Aliaga dunia Knysna mwaka 1956.

Sheria ya urithi ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inamtaka anayekusudia kujenga daraja linalozidi mita 50, au kubadili eneo linalozidi mita za mraba 5,000, aiarifu mamlaka ya urithi mapema. Ndugu zetu wengi wanashika sururu katika ujenzi, Johannesburg na nyumbani. Tunawaomba: mkikuta kokoto za mviringo mahali pasipo na mto, au jiwe lililochongwa, msilitoe kabla ya kumwita msimamizi. Jiwe lililong'olewa bila kumbukumbu ya tabaka lake haliwezi kurudishwa mahali pake, na zege likishamwagwa, hakuna wa kuusoma tena mto ule.