Anuarite, Jina la Dada Yake

Katika Kongo wasichana wengi wanaitwa Anuarite. Jina hilo si la Kapata, wala si la nchi yetu ya shaba. Lilitoka mbali sana, upande wa kaskazini, kwa Wabudu wa Wamba. Na yule aliyelifanya lijulikane hakupewa na wazazi wake.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, mtoto wa nne kati ya mabinti sita. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Wakamwita Nengapeta, na maana yake ni kwamba mali hudanganya. Katika ubatizo akapata jina la Alphonsine. Baba alitamani sana mtoto wa kiume; alipokosa, akamwacha mama yao akaoa mke mwingine. Nengapeta aliona uchungu mwingi.

Ikafika siku ya kuandikwa shuleni. Dada yake mkubwa, Léontine, ndiye hasa aliyeitwa Anuarite. Sista mwenye kuandika majina akakosea, akamwandikia mdogo jina la mkubwa wake. Kosa kama hilo hurekebishwa kwa dakika moja, lakini hili halikurekebishwa. Tangu siku hiyo akaitwa Anuarite mbele ya walimu, maana yake yule anayecheka vita. Wakati ule hapakuwa na vita Wamba, na mtoto mwenyewe hakuwa mkali. Alikuwa mwenye bidii, tena mwepesi wa kushikwa na hofu.

Alitaka kuwa mtawa. Mama yake alikataa, kwa kuwa alihitaji mikono ya binti yake nyumbani. Siku moja motokari ilikuja kuchukua wasichana waliokwenda kwa watawa wa Bafwabaka. Anuarite akapanda pamoja nao bila kuaga. Mama alipokuja kufahamu, motokari ilikwisha kwenda. Baadaye mama alikubali. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akapewa jina la nne, Marie-Clémentine. Akawa mwalimu wa shule.

Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walishika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo. Tarehe 29 Novemba walifika Bafwabaka, wakawapakia watawa wote katika motokari. Jioni ya kesho yake wakawafikisha Isiro, mji ulioitwa Paulis siku zile. Huko kanali mmoja, Ngalo, alitaka kumchukua Anuarite awe mke wake. Akakataa. Mkubwa mwingine, Kanali Olombe, akaja kumlazimisha kwa vitisho, na Anuarite akakataa tena. Hakucheka usiku ule. Aliogopa, hata chakula hakikumpita kooni. Lakini hofu yake haikugeuza jibu lake. Olombe alimpiga kwa bunduki, naye akamwambia kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui afanyalo. Askari wakamchoma, kisha Olombe akampiga risasi. Akafa usiku huo, kuamkia tarehe 1 Desemba. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Alizikwa pamoja na wengine waliouawa. Walipofukua kaburi baadaye, walimtambua kwa sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyozoea kuichukua mfukoni. Mwili wake ukahamishiwa katika kanisa kuu la Isiro.

Olombe aliishi miaka mingi baada ya vita. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, akiwa Kinshasa, alimtangaza Anuarite kuwa Mwenye Heri, na katika mahubiri yake akamsamehe muuaji kwa niaba ya Kanisa lote.

Siku ile jina lilisomwa kwa urefu wake: Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Jina la nyumbani lilikuwamo, na la nadhiri lilikuwamo. Lakini watu waliporudi makwao na kuzaa mabinti, lile walilochagua ni la katikati, lililoandikwa kwa makosa katika daftari la shule.