Tolkien alianza na maneno, filamu zikaja baadaye

Si jambo la ajabu siku hizi kuwakuta wanafunzi wa chuo kikuu wamekusanyika nje ya ukumbi wa mihadhara, vichwa vimeinamia simu moja, wakionyeshana vioja walivyookota kwenye intaneti. Juma lililopita niliwakuta wangu katika hali hiyo. Walikuwa wakitazama herufi za kubuni, zilizopindapinda kama nakshi za milango ya Lamu, pamoja na ramani ya nchi ambayo haijapata kuwapo duniani. Walikuwa pia wakijadili filamu wanayoingojea kwa hamu kubwa, kwani mnamo Mei 2024 ilitangazwa kwamba Andy Serkis, aliyeigiza kiumbe aitwaye Gollum katika filamu za The Lord of the Rings, ataelekeza filamu mpya kuhusu kiumbe huyohuyo. Niliwauliza ni nani aliyezibuni herufi zile. Mmoja alimtaja mwelekezi wa filamu. Mwingine alisema ni kompyuta.

Majibu hayo ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Aliyezibuni ni John Ronald Reuel Tolkien, mwalimu wa chuo kikuu aliyefariki mwaka 1973, na kazi iliyompa riziki kwa takriban miaka arobaini ni ileile ninayojaribu kuifanya darasani: kuchunguza maneno, asili yake na mabadiliko ya sauti zake. Wanafunzi wanaoliona somo la isimu kuwa adha isiyo na tija, na walimu ambao kila mwaka huulizwa lugha humpatia mtu kazi gani, wana haki ya kuyajua maisha ya mtu huyu.

Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, ambako baba yake, Arthur, alikuwa meneja wa benki. Mwaka 1895 mama yake, Mabel, alimchukua yeye na mdogo wake Hilary kwenda Uingereza kuwatembelea jamaa. Baba alibaki kazini, akashikwa na homa, akafariki Februari 1896 kabla ya kuungana nao. Mjane huyo, ambaye hakuwa na mali ya kujivunia, alipanga nyumba katika kijiji cha Sarehole karibu na Birmingham, akawafundisha wanawe yeye mwenyewe. Ni yeye aliyemwonjesha mtoto Kilatini na kumfunza majina ya mimea. Mwaka 1900 Mabel alijiunga na Kanisa Katoliki, na baadhi ya jamaa zake wakaukatiza msaada waliokuwa wakimpa. Novemba 1904 aliaga dunia kwa ugonjwa wa kisukari, wakati ambapo insulini ilikuwa bado haijagunduliwa, akamwacha Tolkien yatima wa miaka 12 chini ya ulezi wa kasisi, Padri Francis Morgan.

Yatima huyo alijiliwaza kwa maneno. Watoto wa jamaa yake walikuwa wamebuni lugha ya mchezo. Wao waliichoka upesi, lakini yeye aliendelea kubuni nyingine, kila moja ikiwa na sarufi iliyokomaa zaidi kuliko iliyotangulia. Mabehewa ya makaa ya mawe yaliyopita karibu na nyumbani yalikuwa yameandikwa majina ya miji ya Wales, na sura ya majina hayo ilimvutia hata kabla ya kujua maana yake. Katika shule ya King Edward's mjini Birmingham alijifunza Kilatini na Kigiriki kama wenzake, kisha akajiongezea Kiingereza cha Kale na Kigothi, lugha ambayo wasemaji wake walikwisha zamani.

Hakuyafanya hayo peke yake. Yeye na wenzake watatu, Christopher Wiseman, Robert Gilson na Geoffrey Smith, walikuwa nguzo za kikundi kidogo kilichokunywa chai katika maktaba ya shule, kinyume cha kanuni, na baadaye katika mkahawa wa duka moja mjini. Hapo walisomeana mashairi na kusimuliana yale ya ajabu waliyoyasoma. Tolkien aliwaburudisha kwa visa vya mashujaa na majoka kutoka fasihi ya kale ya kaskazini mwa Ulaya. Vijana wa leo hutumiana vioja kwa simu. Hao wa zamani walivihifadhi vichwani hadi saa ya chai. Tabia ni moja.

Mwaka 1911 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford kusomea lugha za Kigiriki na Kilatini. Huko alikutana na kitabu cha sarufi ya Kifini katika maktaba, na tangu siku hiyo masomo yake rasmi yakaanza kuzorota kwa sababu akili ilikuwa kwingine. Alitaka kuisoma Kalevala kwa lugha yake. Huo ni utenzi uliokusanywa na daktari Elias Lönnrot, aliyetembea kijiji hadi kijiji akiandika nyimbo za wazee, kisha akauchapisha mwaka 1835 na kuupanua mwaka 1849. Tolkien aliuona utajiri huo, akasikitika kwamba Waingereza walikuwa wamezipoteza hekaya zao za namna hiyo. Mwaka 1913 alihamia katika masomo ya Kiingereza, na mwaka 1915 akahitimu katika daraja la kwanza.

Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha kupamba moto. Machi 1916 alimwoa Edith Bratt, msichana aliyempenda tangu alipokuwa na umri wa miaka 16, na miezi michache baadaye akapelekwa Ufaransa kama afisa wa mawasiliano ya jeshi katika mapigano ya Somme. Robert Gilson aliuawa siku ya kwanza ya mapigano hayo, tarehe 1 Julai 1916. Geoffrey Smith alifariki Desemba mwaka huohuo kutokana na majeraha. Kabla ya kifo chake Smith alikuwa amemwandikia Tolkien barua, akimwomba kwamba iwapo yeye angekufa, mwenzake aseme yale ambayo wote walitamani kuyasema. Tolkien mwenyewe aliambukizwa homa ya mahandaki, akarejeshwa Uingereza Novemba 1916. Ni katika miezi ya kuugua na kupona ndipo alipoanza kuandika hekaya za ulimwengu wake, akizitungia watu wa kuzisema lugha alizokuwa amezibuni. Kati ya wale wanne wa chai, walikuwa wamesalia wawili.

Baada ya vita aliajiriwa katika kamusi kubwa ya Oxford, akapewa maneno yanayoanza na herufi W. Neno walrus, jina la mnyama wa bahari za baridi mwenye meno marefu kama pembe za ndovu, lilimtaabisha hata akaiandika asili yake mara kadhaa. Mwaka 1920 alikwenda kufundisha Leeds, na mwaka 1925 akarudi Oxford kuwa profesa wa Kiingereza cha Kale. Mhadhara wake wa mwaka 1936 kuhusu utenzi wa Beowulf uliwabadilisha wataalamu wengi mawazo. Walikuwa wakiuchimbua utenzi huo kama jalala la historia. Yeye aliwataka wausome kama ushairi, na wayatazame majitu na joka lake kama kiini cha kazi.

Walimu wetu wanaosahihisha mitihani ya kitaifa wataielewa sehemu hii ya maisha yake. Profesa huyo alikuwa na watoto wanne na mshahara usiotosha, kwa hiyo msimu wa joto alisahihisha mitihani ya shule za sekondari ili apate fedha za ziada. Siku moja, katika rundo la karatasi, alikuta ukurasa ambao mtahiniwa hakuuandika chochote. Akaandika juu yake sentensi moja kuhusu kiumbe anayeishi shimoni. Kutokana na sentensi hiyo kilizaliwa kitabu The Hobbit, kilichotoka Septemba 1937. Mchapishaji, Stanley Unwin, alikuwa amempa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, auhakiki mswada huo kwa ujira wa shilingi moja, na mtoto akaupitisha.

Wasomaji walitaka kitabu kingine, naye akaanza kukiandika Desemba mwaka huohuo. Kazi hiyo ilimchukua miaka kumi na miwili hadi mswada ulipokamilika mwaka 1949. Yamkini usingekamilika kamwe lau si marafiki. Oxford palikuwa na kundi la waandishi na walimu walioitwa Inklings, waliokutana Alhamisi usiku katika vyumba vya C. S. Lewis na kusomeana kazi zisizokamilika. Si wote waliompendelea. Hugo Dyson alichoshwa na hadithi za Tolkien na hakuficha. Lewis, kwa upande wake, alidai sura inayofuata kila mara, na Tolkien alikiri baadaye kwamba bila himizo hilo asingefika mwisho. Mwanawe Christopher alipopelekwa Afrika Kusini mwaka 1944 kujifunza urubani wa ndege za kivita, baba alimtumia sura za kitabu kwa posta kadiri zilivyokamilika. The Lord of the Rings kilichapishwa katika mabuku matatu kati ya 1954 na 1955. Rayner Unwin, ambaye sasa alikuwa mtu mzima katika kampuni ya baba yake, alikadiria kwamba huenda wangepata hasara ya pauni 1,000, wakakichapisha hata hivyo.

Habari za filamu zilimfikia Tolkien angali hai. Mwaka 1958 aliletewa muhtasari wa filamu iliyokusudiwa kutengenezwa Marekani, akaukosoa ukurasa kwa ukurasa: tai wametumiwa ovyo, safari zimefupishwa kiholela, na mkate wa wasafiri umegeuzwa chakula cha kopo la maabara. Msimamo wake ulikuwa wa wazi: ama watengenezaji waiheshimu kazi yake, ama walipe fedha za kutosha. Mwaka 1969 haki za filamu ziliuzwa. Edith alifariki Novemba 1971, na Tolkien akamfuata tarehe 2 Septemba 1973. Hakuiona filamu ya katuni ya mwaka 1978, wala zile tatu za Peter Jackson za 2001, 2002 na 2003, ambazo ya mwisho ilitunukiwa tuzo 11 za Oscar.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wangu na simu yao. Jambo ambalo filamu haiwezi kuwaonyesha ni utaratibu wa kazi yenyewe. Tolkien hakutunga hadithi kisha akaipamba kwa maneno ya ajabu. Alianza na lugha. Alibuni moja iliyovuta ladha ya Kifini na nyingine iliyovuta ladha ya Kiwelshi, akazipa mzazi mmoja, kisha akaeleza ni mabadiliko gani ya sauti yaliyozitenganisha. Hadithi zilikuja kujibu swali la nani waliozisema na kwa nini walitengana. Huo ndio utaratibu tunaoufuata tunapouliza kwa nini Mswahili husema mtu, Mkikuyu na Mkamba wakasema mundu, na Mluhya akasema omundu. Mwanafunzi anayesinzia katika somo la mabadiliko ya sauti za Kibantu anasinzia mbele ya mlango aliopitia Tolkien.

Katika hili sina ubavu wa kuwalaumu vijana peke yao. Nyanya yangu, kule Taita, alikuwa bingwa wa hadithi za mazimwi, na kila hadithi ilikuwa na wimbo wake. Alifariki mwaka 2009 nikiwa katika pilkapilka za tasnifu ya uzamifu. Nilikuwa na kinasa sauti, nilikitumia kurekodi vokali za watu baki kwa ajili ya utafiti, na sikurekodi hata hadithi moja ya nyanya. Nyimbo mbili tatu ninazikumbuka kwa vipandevipande. Binti yangu anayajua majina ya farasi wa Rohan, lakini jina la zimwi la nyanya yangu halijui, kwa sababu mimi mwenyewe nimelisahau.

Waama, hatukosi mifano ya nyumbani. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, miaka miwili kabla ya Tolkien kuhitimu, na kwa sababu aliuandika, kila mwanafunzi wa fasihi leo anaweza kusoma habari za shujaa asiyeuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Kijumwa alifanya kwa pwani yetu kazi iliyofanana na ile ya Lönnrot kwa Wafini. Hadithi za bara, nyingi kati yazo, zingali vinywani mwa wazee, na wazee hawatungoji.

Nawasihi basi wanafunzi waingojee filamu yao na waifurahie. Nami nitakwenda kuitazama. Lakini likizo ijayo kila mmoja aende nyumbani na simu hiyohiyo anayotumia kuonyesha vioja, amketi karibu mzee mmoja, arekodi hadithi moja kwa lugha yake, kisha awapigie wenzake waisikie. Walimu wa sekondari nao waifanye kazi hiyo kuwa zoezi la darasa, lenye alama kama mazoezi mengine. Muhula utakapofunguliwa, nitaanza mhadhara wa kwanza kwa kuwauliza wangu wameleta nini.