Kabla faiba ifike Umoja, Bell alishapiga simu kwa mwanga

Ukiwa kwa matatu kuelekea Umoja, Buruburu au Donholm, toa macho kwa simu kidogo uangalie juu. Zile nyaya nyembamba nyeusi zinazoruka kutoka nguzo moja hadi nyingine, zikiingia kwa ploti na kupanda hadi orofa ya nne, ndizo faiba inayokuletea waifai. Sasa muulize mamako au babu yako kuhusu waya uliokuwa hapo kabla. Atakuambia ulikuwa wa shaba, na mwisho wake ulikuwa simu ya mezani sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, yenye gurudumu la namba ambalo wazazi wengine walilifunga kwa kufuli ili watoto wasipige.

Simu hiyo haikuwa ya kila mtu. Enzi za shirika la KPTC, ungeomba laini na ungoje miaka. Shirika hilo lilivunjwa 1999, na Telkom Kenya ikarithi nyaya zake. Mwaka uliofuata Safaricom na KenCell zikaanza kuuza laini za mkononi. Wezi nao walikuwa wameshajua kwamba shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kebo ikikatwa usiku, mtaa mzima uliamka simu zimekufa. Telkom ikaanza kuwapa wateja simu za mezani zisizotumia waya. Kisha 2009 mikongo ya SEACOM na TEAMS ikatua Mombasa kupitia chini ya bahari, na mambo yakabadilika. Leo ukitaka simu ya mezani nyumbani au dukani, unaichomeka kwenye ruta na sauti yako inasafiri kwa intaneti.

Pengine unadhani jamaa aliyevumbua simu ya waya angelia akiona shaba yake ikitupwa. Wapi! Alexander Graham Bell angeuliza tu mbona tumechelewa. Yeye mwenyewe alijaribu kuuacha waya miaka minne tu baada ya kuvumbua simu. Na ukitaka kujua kwa nini, anza na mama yake.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, tarehe 3 Machi 1847. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi, na alibuni alama za kuandika sauti zozote ambazo kinywa cha binadamu kinaweza kutoa. Mama yake, Eliza, alikuwa mpiga piano, lakini masikio yake yalizidi kupoteza uwezo wa kusikia. Watu wengine walimpigia kelele kupitia mrija aliouweka sikioni. Bell alifanya tofauti: aliinama karibu na paji la uso la mama yake na kuongea kwa sauti ya chini, ili aihisi ile mitetemo. Hapo ndipo alipojifunza, akiwa bado kijana, kwamba sauti ni mtetemo, na mtetemo unaweza kupitishwa kwa njia nyingine isiyo sikio.

Alikuwa mtundu pia. Yeye na kaka yake walitengeneza kichwa bandia kilichotoa sauti kama ya mtoto. Halafu akamfundisha mbwa wao kunguruma kwa muda mrefu huku yeye akimfinyafinya taya, hadi wageni wakaapa kwamba wamesikia mbwa akiongea.

Utundu huo ulikatizwa na msiba. Mdogo wake, Edward, alikufa kwa kifua kikuu 1867. Miaka mitatu baadaye kaka yake mkubwa, Melville, naye akafa kwa ugonjwa huohuo. Bell mwenyewe alikuwa dhaifu. Wazazi hawakungoja msiba wa tatu: mwaka huo wa 1870 walifunga virago na kuhamia Brantford, Kanada, wakitafuta hewa safi.

Mwaka uliofuata Bell alikwenda Boston, Marekani, kufundisha watoto viziwi. Hiyo ndiyo kazi aliyojitambulisha nayo hadi mwisho wa maisha yake: mwalimu wa viziwi. Huko alimfundisha msichana aitwaye Mabel Hubbard, ambaye homa ilimwacha kiziwi akiwa na miaka mitano. Bell alimpenda. Shida ni kwamba alikuwa mwalimu asiye na kitu, naye baba ya msichana, Gardiner Hubbard, alikuwa wakili tajiri. Hubbard alikuwa akigharamia majaribio ya Bell, na alichotaka ni njia ya kupitisha telegramu kadhaa kwenye waya mmoja, si mambo ya kupitisha sauti ya mtu.

Usiku na mchana Bell alifanya kazi na fundi wake, Thomas Watson. Tarehe 2 Juni 1875, Watson aligusa kibati kilichokuwa kimenasa kwenye mtambo, na Bell, akiwa chumba kingine, akasikia mlio wake kupitia waya. Kama mlio wa kibati unapita, basi maneno yatapita. Tarehe 14 Februari 1876 mawakili wake walipeleka ombi la hataza mjini Washington. Siku hiyohiyo, mvumbuzi mwingine aitwaye Elisha Gray naye alipeleka stakabadhi kuhusu wazo linalofanana na hilo. Bell alipewa hataza tarehe 7 Machi. Siku tatu baadaye, kupitia waya, alimwita Watson aje chumbani kwake, na Watson akaja. Hiyo ndiyo simu ya kwanza kupigwa ikaeleweka.

Ubishi haukuisha hapo. Bell na kampuni yake walipambana na mamia ya kesi, na 1888 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura chache kwamba hataza ni yake. Hadi leo wako wanaosema Gray aliporwa, na Waitaliano wanamtaja Antonio Meucci. Mwaka wa 2002 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha azimio la kumtambua Meucci. Kwa hivyo ukisikia simu ilivumbuliwa na mtu mmoja, jua hadithi imekatwa ncha.

Kampuni ya simu ya Bell iliundwa Julai 1877. Siku chache baadaye akamwoa Mabel, na zawadi yake ya harusi ilikuwa karibu hisa zake zote kwenye kampuni. Alijibakishia 10 tu. Fikiria hapo kidogo: mwanamke aliyekuwa miongoni mwa wenye hisa nyingi zaidi katika biashara ya simu alikuwa mtu asiyeweza kusikia simu. Mama mkwe wake pia hakuweza. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sasa turudi kwa waya. Simu za mwanzo zilitumia waya mmoja wa chuma, na umeme ukarudi kupitia ardhini. Kelele zilikuwa balaa. Mwaka 1881 Bell alipata hataza ya kuchukua nyaya mbili na kuzisokota pamoja kama nywele zinavyosukwa, ili kelele za nje zijifute zenyewe. Baadaye, nyaya za namna hiyo zilitengenezwa kwa shaba. Hebu pasua kebo kuukuu ya simu iliyobaki ukutani mwa nyumba ya zamani pale Buruburu: utaona zile nyaya mbilimbili zilizosokotwa. Huo ni mkono wa Bell.

Lakini akili yake ilikuwa imeshaondoka hapo. Mwaka 1880, akiwa Washington na msaidizi wake Charles Sumner Tainter, Bell alitengeneza kifaa alichokiita fotofoni. Mtu aliongea nyuma ya kioo chembamba. Kioo kikatetemeka. Mwanga wa jua uliokigonga ukatetemeka nacho. Upande wa pili, madini ya seleniamu yakaugeuza ule mwanga kuwa umeme, na umeme ukawa sauti. Tainter alisimama juu ya paa la shule, Bell alikuwa kwenye maabara yake umbali wa mita 213, na akamsikia vizuri. Waya haukuwepo.

Bell alikichukulia kifaa hiki kuwa kikubwa kuliko simu yenyewe. Kilimpagawisha hivi kwamba alitaka binti yake aliyezaliwa mwaka huo aitwe Photophone. Mabel akakataa, na mtoto akaitwa Marian. Kwa biashara hata hivyo fotofoni ilifeli. Wingu likipita, ukungu ukishuka, mvua ikinyesha, mazungumzo yamekwisha. Kilichokosekana ni kitu cha kuubeba mwanga bila kupotea njiani.

Kitu hicho kilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba uzi wa kioo safi unaweza kubeba mwanga mbali sana. Kao alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2009, mwaka uleule mikongo ilipotua Mombasa. Leo ukipiga simu kwa intaneti kutoka Komarock, sauti yako inageuzwa kuwa namba, inakatwakatwa kuwa vifurushi vidogo, na inapita ndani ya uzi wa kioo kama mwanga unaowaka na kuzima haraka kupita kiasi. Ni wazo la mzee wa fotofoni, isipokuwa jua limebadilishwa kwa leza na mvua haina neno.

Shaba ilikuwa na jambo moja zuri ambalo usilisahau. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule. Stima ikipotea mtaa mzima, simu bado ililia. Ya intaneti inakufa pamoja na ruta. Kama nyumbani kuna mgonjwa au mzee anayetegemea simu ya mezani, mtafutie betri ya kuishikilia ruta, na simu ya mkononi iwe na chaji ya kupiga 999 au 112.

Sasa lile tuliloshikilia. Bell aliwapenda mama yake na mke wake, na alimsaidia sana Helen Keller, msichana asiyeona wala kusikia, hivi kwamba Keller alimtunukia kitabu cha maisha yake. Hata hivyo, aliamini kiziwi lazima ajifunze kusoma midomo na kuongea kwa kinywa. Alipinga lugha ya ishara shuleni, ingawa yeye mwenyewe aliijua. Mwaka 1883 alienda mbele ya wanasayansi wa Marekani akionya kwamba viziwi wakioana kutazuka jamii ya binadamu viziwi, kana kwamba hilo ni maafa. Msimamo wake uliwapa nguvu waliowakataza watoto kutumia mikono kuongea. Kwa viziwi wengi duniani, hadi leo, jina la Bell si la shujaa.

Mwaka 1915 Bell, akiwa mzee, aliketi New York na kumpigia tena Watson, safari hii akiwa San Francisco, zaidi ya kilomita 5,000 za waya wa shaba. Simu ilikuwa imeivuka nchi nzima. Nyumbani alikofanyia kazi, lakini, hakutaka simu iwekwe chumbani mwake, kwa maana ilimkatiza mawazo. Alikufa tarehe 2 Agosti 1922 huko Nova Scotia, Kanada, akiwa na miaka 75. Alipozikwa, simu za Marekani na Kanada zilinyamazishwa kwa dakika moja. Mabel alimfuata miezi mitano baadaye.

Mabel hakuwahi kupigiwa simu na mumewe akamsikia. Shaba ilibeba sauti peke yake, kwa hivyo ilimwacha nje. Lakini simama leo jioni pale steji ya Donholm, au kwenye kibaraza cha ploti yenye faiba, na huenda ukamwona kijana ameegemeza simu ukutani, mikono yote miwili hewani, akicheka na mtu aliye kwenye skrini. Anapiga simu kwa Lugha ya Ishara ya Kenya. Lugha hiyo imo kwenye Katiba ya 2010: Serikali inatakiwa kuiendeleza, na ni moja ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Ile njia ya mwanga aliyoiota Bell ndiyo inayobeba mikono aliyotaka itulie. Kwa hivyo ukimwona kijana huyo, usimkodolee macho, na usimwombe asogee umalize kupiga selfi. Yuko kwa simu.