Tolkien na taifa lisilo na mutu muzuri

Ndugu wachimbaji, batoto betu wanapenda filme ya Le Seigneur des anneaux. Tuseme kidogo juu ya mutu aliyetunga hadisi ile.

J.R.R. Tolkien alizaliwa 1892 kule Bloemfontein, Afrika ya Kusini. Baba yake, mutu wa banki, alikufa 1896; mama, 1904. Mu 1916 alipigana vita kule Somme pamoja na askari waliotoka mu migodi na viwanda vya Lancashire. Kisha akawa profesa kule Oxford.

Mu kitabu chake, kilichotoka 1954 na 1955, aliweka Maorki: taifa zima la waovu, wa kuuawa tu. Lakini Tolkien alikuwa mukatoliki. Taifa zima litakosa namna gani njia ya kutubu? Alijaribu majibu mengi, akafa 1973 bila kumaliza.

Sisi wa Kambove tunajua swali lile. Mu 1992 na 1993, hapa Katanga, wenzetu wa Kasai waliitwa bilulu, ni kusema wadudu. Walifukuzwa mu kazi na mu manyumba. Wengi walikufa ku gare ya Likasi wakingojea treni. Tulikuwa tumeshuka nao mu mugodi mumoja.

Mutu akisema tena kabila fulani lote ni baya, tumukatalie, hata kama ni ndugu yetu.