Mikono ya Hackenschmidt

Kwenye jimu yetu hapa Kimandolu kuna ubishi usioisha: ukilala kwenye benchi, chuma unakishikaje? Mmoja atakwambia panua mikono, kifua kitoke. Mwingine anasema bana, misuli ya nyuma ya mkono ndiyo inayojaza shati. Halafu wapo wale wa kutoa dole gumba, vidole vyote vitano upande mmoja, chuma kimelazwa tu juu ya kiganja. Juzi kati kilimteleza mmoja wao kikamwangukia kifuani. Alipona, ila kwa wiki mbili akicheka alikuwa anashika mbavu. Ndipo nikaanza kusoma habari za watu waliosukuma chuma kabla ya benchi kuwepo, nikakutana na George Hackenschmidt.

Alizaliwa mwaka 1877 Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, enzi hizo ukiwa chini ya Urusi. Akaenda Reval, Tallinn ya sasa, kujifunza ufundi kiwandani, na jioni anapiga tizi klabuni. Siku moja akaumia, na katika kutibiwa akakutana na Dk. Krajewski, daktari wa St Petersburg aliyekuwa na ugonjwa wake mwenyewe: kupenda vyuma. Mzee huyo akamchukua kwake akamnoa. Bila yeye nadhani tungekuwa na fundi mmoja hodari na basi.

Mwaka 1898, akiwa kijana wa umri wetu, alilala sakafuni akasukuma kilo 164. Hapo hakukuwa na benchi wala nguzo za kuwekea chuma. Alikivuta mwenyewe kutoka nyuma ya kichwa, akageuza uso pembeni ili kipite, kikafika kifuani, ndipo akakisukuma juu. Jaribu kufanya hivyo bila dole gumba! Chuma kinachobiringika kinataka mkono uliofunga. Rekodi hiyo ilikaa mpaka mwaka 1916, Joe Nordquest wa Marekani alipoipita kwa kama kilo moja tu.

Kuna kitu kingine ambacho wabishi wetu hawakifikirii. Sahani za chuma chake zilikuwa na kimo cha karibu sentimita 48. Maana yake kikimponyoka, zinagota sakafuni na fimbo inabaki juu kama sentimita 23. Sisi tuko juu ya benchi, na makopo yetu ya zege hayagoti popote. Kinachogota ni mbavu zako. Kwa hiyo upana chagua unavyopenda, alimradi chuma kikigusa kifua, mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo usimame wima. Ukipanua sana chuma kinasafiri kidogo lakini bega linalipa, ndiyo maana hata mashindanoni kuna mpaka: sentimita 81 kati ya vidole vya shahada. Ukibana, kazi inahamia nyuma ya mkono. Chuma kikae chini ya kiganja, karibu na kifundo, mkono usikunjike kwenda nyuma. Lakini dole gumba lizunguke. Hapo sina mjadala.

Baada ya vyuma akaingia mieleka, na huko ndiko alikopata jina: Simba wa Urusi. Mwaka 1905 alimshinda Tom Jenkins jijini New York akawa bingwa wa dunia. Kisha mwaka 1908, Chicago, akakutana na Frank Gotch. Walivutana kama saa mbili, mwisho Hackenschmidt akakubali yaishe. Baadaye alilalamika kwamba Gotch alikuwa amejipaka mafuta, hashikiki. Kweli au kisingizio, mimi sijui, ila inashangaza: mikono iliyodhibiti kilo 164 ikashindwa kumkamata mtu mmoja. Waliporudiana mwaka 1911, palepale Chicago, alipanda ulingoni na goti bovu akapigwa tena.

Mieleka ikaishia hapo. Mwaka ule wa 1908 alikuwa tayari ametoa kitabu cha mazoezi, lakini alivyozidi kuzeeka akahamia kwenye falsafa, akaandika vitabu vizito ambavyo watu wa vyuma hawavigusi. Akaishi Uingereza na mkewe Rachel, akafariki London Februari 1968, na miaka 90.