John Bunyan, mfungwa aliyetutembeza njiani

John Bunyan, fundi wa kuziba sufuria, alizaliwa mwaka 1628 karibu na Bedford, Uingereza. Mwaka 1660 alifungwa kwa kuhubiri pasipo ruhusa. Kama angeahidi kunyamaza, wangemwachilia. Alikataa, ingawa nyumbani kulikuwa na Mary, binti yake kipofu. Akakaa gerezani miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili watoto wale.

Hadithi yake ya Msafiri ilitoka mwaka 1678. Haituelezi wokovu kwa mbali: tunabeba mzigo, tunazama matopeni, tunaogopa simba kabla ya kuona minyororo yao. Sisi tuliokimbia vita na vitu kichwani tunaijua njia hiyo.

Alikufa London mwaka 1688, baada ya kunyeshewa safarini akitoka kupatanisha baba na mwanawe.